Mama Ameshaaga Mtaa Mzima

Jumatano, baada ya Isha

Sikumwambia. Wakala anayetupangia safari ya hospitali ya India alinipigia asubuhi, nikiwa Biashara Street nikimnunulia Mama leso za safari. Madaktari wa huko wameziona picha zake. Wanasema asisumbuliwe, hakuna watakalomfanyia.

Kisha, kwa sauti ile ile, akaniambia tusivunje safari, ana hoteli nzuri ufuoni huko huko India, wagonjwa hukandwa kwa mafuta wakapumzika. Nikamkatia simu.

Niliporudi Mama hakuwepo. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akitaka radhi, kama msafiri yeyote, kwa miguu ile iliyovimba. Aliingia na furaha ambayo sijaiona kwake tangu Ramadhani.

“Wote wamenisamehe,” akasema. “Umebaki wewe, mwanangu.”

Nikamwambia mimi ndiye wa kutaka radhi kwake. Akacheka, akaanza kuzipanga leso sandukuni. Nilitaka kumwambia pale pale, lakini alikuwa ameshaanza kuniuliza kama India kuna baridi.

Kesho wanawake wa mtaani watakuja kumsomea dua ya safari. Nami nitakaa kando yake, niitikie amina.