Ngazi za Nyumba Niliyouza

Jumatatu, 4 Machi

Nani ana bahati kama mimi? Nyumba ya ghorofani nimeiuza kwa bei iliyomfanya dalali ameze mate. Gereji nzima nimewatangazia: mimi sikuhama, nimepanda cheo. Sasa tumepanga chini, tunatafuta kijumba cha kununua. Mke wangu alinisikia, akaendelea kusugua sufuria.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi ya kodi imetuita. Kumbe serikali nayo inataka fungu kwenye faida, maana tumeuza mapema mno tangu tununue. Binti wa kaunta, mpole, akauliza: mzee, mliuza kwa nini? Nikamwambia biashara, mwanangu, mimi pesa naisikia harufu. Akacheka. Akaandika. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Nje ndipo aliponipasha. Anayehama kwa ugonjwa anasamehewa kodi hiyo. Bango liko ukutani, baba, ila wewe ulikuwa na kazi ya kuchekesha watu. Nikamuuliza, nani mgonjwa? Alinishika mkono tu tukavuka barabara — polepole, kwa ajili yangu.

Jioni mke wangu amerudi ofisini peke yake kuuliza. Naweza kubadili maneno niliyoandikisha, lakini daktari agonge muhuri, na mwajiri naye atie saini.

Mwajiri!

Alhamisi, 7 Machi

Nimepuliza rangi gari zima, milango na boneti. Bosi akasema, fundi, unahema kama pampu ya baiskeli. Nikamjibu, bila pampu nani angekwenda? Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilishika ukuta.

Mwenzangu mmoja wa zamani aliwahi kuleta cheti cha ugonjwa wa mapafu asubuhi. Mchana alishakabidhi ovaroli.

Kwa hiyo nikiwa mgonjwa, sina kazi. Nikiwa mzima, kijumba kimeliwa na kodi. Hebu nicheke kidogo. Kicheko kimegoma.

Jumatatu, 11 Machi

Benchi la ofisi ya kodi. Mke wangu kaja na picha ya kifua mkobani. Kwenye fomu, sehemu ya saini ya bosi iko tupu. Mke kasema, sema wewe, mimi sitakusemea.

Binti katuita. Kaniuliza, mzee, bado ni biashara? Nikamwambia ngoja niandike kitu kwanza kwenye daftari langu. Kaniangalia kwa huruma, na huruma siipendi.

Mke wangu amesimama. Mimi bado nimekaa.

Ile bahati niliitunga. Ngazi zilinishinda.