Zamu ya Kusoma

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Za huko kazini? Na kile kifua, kimepona au bado unakohoa alfajiri? Sisi tunapumua, ingawa nyumba haina amani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inashikwa na kila jirani. Dereva wa lori la mbao atakufikishia kesho.

Najua umesikia kwamba muuza nyama alimpiga baba. Nasoma pia unayoandika kila siku kwenye kundi la kijiji la simu, kwamba unakuja kumchinja yeye na wanawe. Kabla hujapanda basi, tafadhali nisome hadi mwisho.

Baada ya wewe kuondoka, matusi kundini yalizidi. Mwalimu mkuu akaitisha mkutano, ikakubaliwa kwamba anayemtukana mwenzake aje Jumamosi karakana ya seremala, amsomee tusi lake uso kwa uso, bila kuacha neno. Asiyeweza kufika, mkubwa wa nyumba yake asome kwa niaba yake, na huyo akikosekana, anayemfuata. Mimi nilipewa kunakili, maana mdomo sina lakini hati ninayo. Mwanzoni ilikuwa burudani. Muuza mkaa alimsomea kinyozi kwamba ana kichwa kama boga, kinyozi akasema heri boga, lina wa kulipenda. Watu walishika mbavu. Kundi likatulia, hata salamu zikarudi.

Jumamosi ile alisimama baba. Alisoma kwamba muuza nyama anauza mizoga. Muuza nyama akamwambia taratibu, "Fundi, ishia hapo." Baba akajibu kwamba sheria ni mpaka neno la mwisho, akaendelea: kwamba hata yule mtoto wake tuliyemzika mwaka huu alikufa kwa kula nyama ya babake.

Sikuona nyundo ikiokotwa. Nilisikia taya ikivunjika. Baba aliangukia meza ya kazi, muuza nyama akaukandamiza mkono wa kulia wa baba pale na kuuponda kama anavyovunja mifupa buchani, huku analia na kumwita mwanawe aliyekufa. Seremala alipomkamata kiunoni, wana wengine wa muuza nyama waliingia na mbao zenye misumari. Mwalimu mkuu alipasuliwa kichwa. Kijana wa karakana alitema meno. Maranda yaliganda kwa damu yakatushika miguuni tukikimbia.

Polisi wamemchukua muuza nyama. Baba bado yuko hospitali, mama analala chini ya kitanda chake. Madaktari wamemkata baba vidole vitatu, kaka. Cherehani yake tumeifunika shuka.

Kabla ya kwenda karakana baba alitukataza kukuambia linalofuata, na kijiji kizima kimemstahi kwa kunyamaza. Mimi siwezi. Maneno yale hayakuwa ya baba. Ni yako, yale uliyoyarusha jioni moja na vikatuni vya kucheka machozi. Sheria ilipitishwa mkutanoni, haikuandikwa kundini, kwa hiyo hukujua. Tulimsihi asiende. Alisema mtoto akimwaga, mzazi ndiye anayepiga deki.

Sasa wana wa muuza nyama wamesema vitisho vyako navyo vitasomwa, la sivyo watakuja kuvisikiliza nyumbani kwetu. Mwalimu mkuu anataka sheria ifutwe, lakini nani atawaambia? Baba hawezi kusimama, mama hawezi kumwacha. Anayefuata ni mimi.

Nimeshanakili. Nimejaribu kusoma peke yangu chumbani na sauti inakatika pale unapoandika "mmoja mmoja". Wewe unajua hata darasani jibu nikilijua siinui mkono.

Ukiyafuta maneno hayo mara upatapo barua hii na kumwomba radhi muuza nyama kwa ajili ya mwanawe, hapatakuwa na cha kusoma. Usipoyafuta, Jumamosi nitasimama mbele yao na kuyasoma yote.

Mama anakusalimu, anasema vaa vizuri, baridi isikurudie. Baba angekusalimu, ila taya imefungwa waya.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mchwa wa vitabu