Babu Wawili Wanagombea Jina Moja

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu, na kabla sijaenda mbali naomba unisaidie mapema ukiweza, kwa sababu siku niliyopewa ni mwisho wa mwezi huu na hapa naandika mtoto akiwa amelala mgongoni, akiamka barua itaishia hapo hapo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, elimu yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe. Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na wewe nakujua vizuri maana magazeti yaliyosomwa ndiyo tunayofungia nguo za wateja, na ukurasa wako huwa haufungi shati la mtu mpaka niwe nimeumaliza, hata mwenye duka ameshazoea, akiona nguo zinachelewa anauliza tu, haya, leo nani kaachwa?

Shida yangu ni jina la ukoo, ambalo hapa nalificha kwa sababu nikilitaja tu mtaa mzima utajua ni sisi. Mimi nilizaliwa nalo kwa baba yangu, na mwanamume aliyenioa naye alizaliwa nalo hilo hilo, herufi kwa herufi, na sisi si ndugu kabisa. Siku tuliyojuana alileta dukani maaproni ya kiwanda cha mikate anakofanya kazi, nikamwuliza jina ili nimwandikie, akalitaja, nikadhani ameliona mahali anataka kunitania, nikamwambia kaka, nimekuuliza jina lako, sio langu. Yeye naye akadhani mimi ndiye ninayemtania, tukabishana mpaka foleni ikaanza kuguna. Basi huo ndio ulikuwa mwanzo wetu. Kabla ya posa wazee walikaa wakahakikisha, wakataja babu wa huku na babu wa kule mpaka wakawamaliza, wakaingia kwa mashangazi, hakuna mahali walipokutana. Hata kulitamka hatulitamki sawa, kwetu tunalivuta mwishoni na kwao wanalikata kama wanawahi basi. Kwa hiyo nikaolewa, na wifi zangu wakawa wananicheka kwamba wifi hukuolewa wewe, umehama chumba tu. Baba yangu na baba mkwe badala ya kuitana mkwe wakawa wanaitana wajina, wajina vipi, wajina karibu, na ukiwaona wanavyocheka ungesema walinyonya ziwa moja.

Kisha mtoto akazaliwa. Muuguzi alitoka mlangoni akauliza babu wa mtoto wa fulani ni nani, akataja jina, wakasimama wote wawili, wakafika mlangoni pamoja na mabega yakakwama, muuguzi akawaambia wazee wangu, huu mlango ni wa babu mmoja mmoja. Tulicheka sana siku ile, na kumbe ndiyo ilikuwa dalili.

Baba yangu ni fundi seremala, na baba mkwe ni mchora mabango, ndiye anayeandika kwa brashi majina ya maduka mengi ya mtaani kwetu. Baba akaanza kujisifu pale karakanani kwake, kwamba wenzake wakizaa mabinti jina linapotelea kwa watu, lakini la kwake limeenda kwa watu na limerudi na mjukuu. Mteja mmoja akayabeba maneno hayo yakiwa bado ya moto akamfikishia baba mkwe, ambaye alikuwa juu ya ngazi anaandika duka la viatu, akashuka hata neno hajalimaliza, akasema mwambieni seremala kwamba binti yake alipoolewa aliliacha la kwao mlangoni akavaa letu, kama yanafanana ni bahati yake, hakupata taabu ya kuzoea. Baba alipoletewa hayo akajibu kwamba mwanawe hakuvua kitu wala hakuvaa kitu, alivyotoka kwake ndivyo alivyo. Na mimi mshauri nikiwasikiliza naona wote wana haki, nikijiuliza mwenyewe nimebeba jina la nani sipati jibu, maana siku ya harusi sikusikia kitu chochote kikibadilika. Kila mmoja akiniita pembeni akaniuliza, hebu niambie ukweli, mtoto ana jina la nani, namwambia ni lako baba, anafurahi, anamrusha mtoto juu, tunaendelea na maisha. Na mtoto wamemzoeza, kila babu anamwita kwa hilo hilo la ukoo, huyu analivuta na yule analikata, naye anawageukia wote anacheka. Jina lake mwenyewe, tulilomchagulia mimi na baba yake, limekaa tu kama sahani za wageni, hata sisi siku hizi tunamwita Kajina.

Sasa ni kuhusu kigari. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika ukuta, ndipo baba akamtengenezea kigari cha mbao cha kusukuma, kina magurudumu manne na mpini wa kimo chake, amekipiga msasa hata ukikipitishia shavu hakikwaruzi, na ubavuni amechonga jina la ukoo kwa patasi. Alikileta mwenyewe, akakiweka katikati ya sebule, akaondoka akipiga mluzi. Baba mkwe alipokuja akakizunguka, akakipapasa, akasema kazi nzuri hii, ila mtu akiwa mlangoni hawezi kuzisoma hizi herufi. Kesho yake mimi niko kazini, mama mkwe anamlea mtoto, baba mkwe akarudi na brashi yake akazipaka herufi zote rangi nyekundu, na kivuli cha njano kama anavyofanya kwenye maduka, wala hakutoka nje ya mchongo hata mahali pamoja. Kwa kweli zimependeza, Kajina anazifuata kwa kidole.

Baba alipoziona hakukaa, hata chai hakunywa. Alisimama pale pale akaniambia, "Nimechonga jina langu, mtu kalipaka likawa lake. Mwisho wa mwezi nisiikute hiyo rangi, la sivyo mlango huu mimi basi."

Nikamweleza baba mkwe kwa upole, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku anafunga kopo lake la rangi. "Ukikwangua, mama, ujue umenikwangua mimi. Na mtoto usiniletee tena pale kwangu."

Tangu hapo wajina wameisha. Baba akimtaja mwenzake anasema yule bwana wa brashi, na huyu anasema yule wa misumari. Mume wangu nikimwomba aseme neno ananiambia yeye anajua kukanda unga, wazee hawakandiki. Kigari nimekifunika shuka ili asikione yeyote, lakini Kajina mwenyewe anajua kilipo, anavuta shuka, akishindwa analia. Mshauri, huyu mtoto atatembea karibuni, na mimi nilikuwa na ndoto moja ndogo, kwamba siku akiuachia ukuta babu zake wachuchumae mmoja huku na mmoja kule, aende kwa huyu na arudi kwa yule. Sasa nimeshika kipande cha msasa ambacho baba alikisahau hapa kwetu. Nikwangue au nisikwangue?

Ni mimi,
Aliyehama Chumba


MSHAURI ANAJIBU

Uliyehama Chumba, weka msasa chini. Weka kwanza, kisha tusikilizane.

Nimeicheka barua yako mpaka nikafuta macho, na pole nakupa, kwa sababu kuwapenda wazee wawili wasiosalimiana si mzigo mwepesi. Lakini pole hiyo isikufanye ujione huna lako. Umemwambia huyu ni lako baba, ukamwambia na yule ni lako baba. Wewe ni mtu wa dobi: ungewapa wateja wawili ahadi ya shati moja, halafu ushangae wakikunjana mashati hapo kaunta? Najua ulifanya hivyo kwa upole. Upole ni kama hiyo pasi yako, ukiuacha ukae mahali pamoja unaunguza.

Wazee wako wanagombania kitu ambacho hakuna aliyemwibia mwenzake. Koo mbili zisizojuana zimekutana kwenye jina kama watu wawili wanaokutana harusini na kitambaa cha jora moja. Wenye akili hucheka, wakasimama pamoja wapigwe picha, na hao wako walikuwa wameshaanza kucheka vizuri kabla mpeleka maneno hajapita. Baba yako anadai kweli na baba mkwe wako anadai kweli. Ugomvi ambao wote wana haki ukiuamua utamwonea mmoja, kwa hiyo usiuamue. Wape kazi.

Nikirudi kwenye kigari, wewe na baba yako mmeona rangi, mimi nimeona ile sentensi yako kwamba hakutoka nje ya mchongo hata mahali pamoja. Mtu mwenye brashi na ujuzi wake, angetaka kupora, angeandika lake kubwa ubavu wa pili. Huyu amefuata patasi ya mwenzake kila kona. Kazi unayoidharau huifuati hivyo. Kosa lake ni kwamba hakubisha hodi, na fundi haguswi kazi yake bila kuulizwa. Hilo ataliomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Ukikwangua utabaki na ubao wenye makovu na babu mmoja, na huyo mmoja naye utaona hafurahi.

Ila kilichonikera umekipitisha upesi upesi katikati ya barua, kama mtu anayekatiza sebuleni mbele ya wageni. Mtoto ana jina lake. Mlimchagulia wenyewe, halafu mkaliweka kabatini. Mnagombania jina ambalo hata binamu wa mbali wa pande zote mbili wanalo, na lile ambalo ni lake peke yake hakuna anayemwita, hata mama yake. Kajina! Huyo si kajina, ana jina zima. Aibu hiyo ni ya wazee wawili, ni yako, na mwoka mikate wako naye asijifiche nyuma ya unga.

Fanya hivi. Anza na karakana, umwambie baba yako uso kwa uso: "Baba, hili jina nilizaliwa nalo kwako na sikulivua. Nimeolewa nalo na sikulikataa. Ni lenu wote wawili, na sitamwambia mtu tena vingine." Kisha nenda kwa baba mkwe ukayaseme maneno hayo hayo, usipunguze wala usipambe. Watanuna. Waache wanune, hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa kununa.

Ukishamaliza hayo, mwombe baba yako aje na patasi hapo nyumbani, achonge jina la mtoto mwenyewe mbele ya lile la ukoo. Mwombe baba mkwe aje na brashi siku hiyo hiyo, alipake. Mwambie kila mmoja wazi kwamba mwenzake atakuwepo; usiwategee kama panya. Na baba mkwe wako, kabla hajafungua kopo, aseme, "Wajina, juzi sikubisha hodi." Asipoambiwa na mtoto wake wa kuzaa, nani atamwambia? Hiyo ndiyo kazi ya mumeo, na aje na mkate wa moto. Patasi isipomaliza, brashi haina pa kupita. Brashi isipopita, wa mlangoni hasomi. Watake wasitake, mmoja atashika ubao huku mwingine anafanya kazi, na mafundi hawawezi kukaa kwenye ubao mmoja bila kuanza kufundishana.

Na kama mmoja atakataa kuja? Toa shuka hata hivyo, wala usingoje mwisho wa mwezi. Kigari si cha aliyekichonga wala cha aliyekipaka, ni cha anayekisukuma, na miguu yake haiwezi kusubiri magoti ya wazee yapatane. Mtu mzima anayekosa kuona mjukuu akiuachia ukuta atajinunia mwenyewe, na nakuhakikishia hatachelewa kubisha hodi.

Ndoto yako ni nzuri, ishike hivyo hivyo, mmoja huku na mmoja kule. Jina la ukoo walivute na walikate wanavyotaka. Ila akianza kutembea, mwiteni kwa jina lake, ajue anayeitwa ni yeye.

Ukurasa huu usifungie suruali ya mtu, wapelekee wazee wausome. Na siku binti atakapokua akakuletea mchumba, usikimbilie kuchemsha chai. Mwulize kwanza jina la ukoo.