Robe Mbili za Ndoa

Mwanangu Estelle,

Jambo sana. Baba yako anakusalimia, mugongo ingali inamuuma. Yaya yako Martine, dada yako mukubwa, anakusalimia, mutoto wake ameota meno. Ndugu yako Gauthier anakusalimia kutoka Kakanda. Minye niko muzima, kwa mashini yangu ya kushona.

Uliandika kama robe hizi mbili, nguo za bibi-harusi, ni za rafiki zako wa Bruxelles, banamuke bawili banaoana. Nilikataa. Weye unajua, kila robe ya ndoa ninaiombea mbele ya kuifunga na kuituma, na minye ni mama wa kanisa. Nikamwambia baba yako, "Nitarudisha kikwembe yao, kitambaa yote."

Kisha nikaangalia karatasi ya vipimo. Kwa robe moja, bega ya kushoto iko chini. Estelle, ile bega ninaishonea tangu ulianguka kule Kapolowe.

Baba yako sijamwambia. Sijui Mungu ataniuliza nini. Ya kwako nimeishona, nimeiombea. Ya pili ingali juu ya meza, sababu siwezi kuombea muntu pasipo jina.

Andika mbiyo, mwanangu: mwenzako anaitwa nani?

Mama yako,
Angèle