Mama, Unipe Ruhusa ya Mulima

Mama mupenzi,

Jambo sana kutoka huku Québec, kwenye baridi inayokata masikio. Uko namna gani? Miguu inakuuma bado, ama dawa imesaidia? Papa naye, analala vizuri? Mimi niko muzima, ninakula, hata jana nimepika lituma ya ndizi za kuponda, ingawa ndizi za huku hazina utamu. Barua hii nimeipa mama mumoja wa kanisa letu anayerudi Kisangani, kwa sababu kwenye simu ukisikia tu neno "mulima" unaanza kulia.

Bon, Mama, ukae chini. Nimefaulu!

Watu wa huku wanapenda kushuka mulima wa theluji wakiwa wamefunga mbao mbili ndefu miguuni, ndiyo ski. Wanashuka mbio, wanaanguka, wanavunjika. Donc kuna waokozi wa kujitolea wanaowafunga mifupa, wanawalaza kwenye traîneau, kitanda kinachoteleza, na kuwashusha mpaka chini. Kazi hiyo nimejifunza kipindi chote cha baridi. Ee Mama, nimeanguka! Watoto wadogo wananipita wakinicheka.

Jumamosi ilikuwa mutihani. Chef wetu, Sylvie, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya kuuzia samaki sokoni Mangobo, alimulaza mwenzetu Marc kwenye traîneau, eti amevunjika muguu. Mimi mbele, nimeshika vishikio, Marc nyuma yangu, na chini muteremuko mukali. Tulianza vizuri. Halafu mbio zikazidi, na mwili wangu ukasahau kwamba uko Kanada. Unajua namna nilivyobeba watu kwa toleka, baiskeli ile isiyo na freni. Tulikuwa tunafrenaga na sandale, unakandamiza muguu kwenye pneu, mupira wa gurudumu la nyuma. Alors mimi, na ski zangu, nikainua muguu kutafuta pneu! Pneu gani, Mama? Iko theluji tu! Nikaanguka kifudifudi.

Lakini mikono haikuachia. Kwenye toleka wewe unaweza kuchubuka magoti, abiria haanguki, la sivyo kesho hakuna wa kupanda. Traîneau ikanisukuma, theluji ikaniingia mpaka mudomoni, nikakandamiza kifua changu chini, traîneau ikasimama. Marc hakutikisika. Akainua kichwa: "Faustin, unafanya nini huko chini?"

"Ninafrena," nikamujibu.

Sylvie akafika, uso umekunjamana. Nikajua yamekwisha. "Huo muguu ulikuwa unatafuta nini?" Nikamweleza mambo ya toleka. Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji, halafu akafuta macho. "Muguu tutaufundisha. Hiyo mikono, usiibadilishe." Akanipa koti jekundu la waokozi. Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Najua utauliza wanalipa nini. Hawalipi. Kazi yangu ya hoteli inaendelea. Ulisema hukuzaa mutoto aje kufa bure kwa wazungu, na neno hilo liliniumiza. Unisikilize kidogo. Tangu nifike huku nilikuwa ninapanda basi, ninashuka, hakuna wa kuniuliza nimelala namna gani. Sasa nikiingia chumba cha waokozi wote wanaita "Faustin!", na Sylvie anauliza habari ya miguu yako. Mama, nimepata watu.

Koti nimelitundika kwenye mulango. Sijalivaa. Sylvie aliuliza sababu, nikamwambia kwetu mutoto haingii kazi ya hatari bila baraka ya mama yake. Hakucheka. Alisema atanisubiri.

Unisalimie Papa, yaya Georgette, dada yangu mukubwa, na shemeji fundi wa nguo kule Kabondo, na tonton Saidi, mudogo wake Papa, akirudi Basoko na samaki wake. Wote uwaambie Faustin hajaganda.

Wakimaliza kukusomea, unipigie, saa yoyote. Sitaki maneno mengi. Sema tu, "Enda," na nitavaa.

Mutoto wako anayekungoja,
Faustin