Jembe la Baba Mdogo

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Msanzi hatujambo, ila babu yako anakohoa kidogo. Unauliza utaishije na rafiki yako aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya magonjwa ya akili.

Baba yangu mdogo alirudi hivyohivyo, enzi za shamba la ujamaa. Vidonge alimeza, mama akimkumbusha kila jioni. Lakini majembe yote tulimfichia kwa hofu, akawa anashinda uani kama mgeni. Asubuhi moja mama akamkabidhi jembe mbele ya wanakijiji: “Shemeji, twende tukafukie majani kwenye matuta.” Baba mdogo akalipokea. Akalima mpaka mchana, kisha akalalamika mgongo unamuuma, kama sisi sote.

Jioni akaliegemeza jembe mlangoni, pamoja na yetu. Likalala hapohapo.

Bibi yako