Mistari Iliyolala

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepatana na baridi ya huko, na kuku wanakutii kuliko tulivyokutii sisi. Huku hatujambo. Mama anakohoa ila anakataa kuitwa mgonjwa. Baba yupo na redio zake za watu za kutengeneza.

Naandika kwa sababu simu hutaki. Ulisema mambo ya kazi yaandikwe ili mtu asije akayakana.

Unajua nilirithi kiti chako pale ofisi ya ramani, pamoja na ile spring iliyotokeza. Sasa seva uliyoilea miaka ishirini inazimwa mwisho wa Machi. Zile skripti zako, zile amri ulizoiandikia mashine ijifanyie kazi yenyewe, zinahamia mashine mpya, lakini kila moja lazima ipite kwanza kwa mkaguzi. Mkaguzi huyo nimemweka mimi. Ni programu inayosoma skripti bila kuiendesha, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele kabla ya kuinjika, ili tusiyagundue kwa meno. Isiyopita haihami.

Mjomba, skripti zako ni mia na thelathini na moja. Maonyo ni elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Nikarekebisha kosa moja kwa uangalifu mkubwa. Yakawa elfu mbili mia tatu na kumi na saba.

Kosa analolipigia kelele zaidi ni hili. Unaiambia mashine: ingia chumba cha taka, choma vyote vilivyomo. Huiulizi kama imeingia. Sasa chumba kisipokuwepo? Itabaki pale pale ilipokuwa imesimama, sebuleni, kiberiti mkononi, na amri ya pili itaitii vilevile.

Jambo jingine. Nusu ya kila faili ni mistari uliyoiwekea alama ya reli (#) mbele ili mashine isiisome, na tarehe pembeni. Nifute?

Mpwa wako


9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni zima, ngazi ndizo zenye matatizo. Kuku wamebaki wanne, wa tano alijiona mjanja kuliko mbwa wa jirani.

Huyo mkaguzi wako nimemtambua. Ni mama mkwe. Kafika, hajavua viatu, keshapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Hajapika hapo hata siku moja, lakini vumbi kaliona. Mwambie skripti hizo zimeendesha ofisi miaka ishirini, na aliyeziandika hakusomeshwa na mtu. Nilijifunza kwa kitabu kilichopoteza jalada na kurasa arobaini za mwanzo, ndiyo maana sijui utangulizi wa jambo lolote.

Habari ya chumba cha taka: kipo. Wewe ukienda chooni kwenu huuliza kwanza kama choo bado kipo?

Mistari iliyolala usiiguse. Mimi sifuti mstari, naulaza. Naweka reli mbele, naandika tarehe, halafu naandika mpya chini yake. Anayefuta, kesho hajui alikotoka. Mstari uliolala ni shahidi asiyebadilisha maneno.

Uliza kingine utakachokwama. Msalimie mama yako, anywe dawa. Na wengine hapo nyumbani.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama kanywa dawa, kikohozi kimehamia kwangu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo usome taratibu. Kuna mwenzetu tunamwita Bwana Tayari, kwa sababu ukimpa kazi asubuhi, kabla hujamaliza kumweleza keshasema tayari. Jumanne alikuta kwamba ukiandika mstari fulani juu ya faili, mkaguzi hunyamaza. Akaubandika mstari huo kwenye faili zote mia na thelathini na moja, wakati mimi nimeenda kula. Narudi, maonyo sifuri. Meneja kasimama nyuma ya kiti changu anapiga makofi.

Nikamwambia, "Bosi, hatujaondoa mawe, tumemziba macho anayechagua."

Akasema, "Lakini sifuri ni sifuri, si ndiyo?"

"Siyo."

"Mbona unapenda kujitafutia kazi, dada?"

Imenichukua siku mbili kumfumbua mkaguzi macho tena. Na nilifanya kosa la kuwasomea barua yako. Sasa ofisi nzima Mama Mkwe ni mimi.

Nimefika maonyo mia tisa. Usiku naota alama za nukuu. Wewe alama za nukuu ulizibania kama chumvi ya kuazima, Mjomba. Faili likiwa na nafasi katikati ya jina, bila nukuu mashine inaona mafaili mawili, inalikosa la kweli na kulifuta la jirani.

Lakini nina la kukusifu. Katika zote, moja tu haina onyo hata moja. "Usafi wa Jumapili," ile inayojiendesha yenyewe kila wiki. Humo nukuu zote zipo. Humo mashine inaulizwa kama imeingia chumbani, na kama haikuingia inaambiwa isimame, isiguse kitu. Hata kabla ya kufuta inahesabu kwanza. Nikacheka peke yangu. Kumbe ulikuwa unajua! Sasa kwa nini mia na thelathini zilizobaki uliziacha uchi? Na hii moja nani alikufundisha?

Nilitaka kumweleza Baba, nikajizuia. Unajua tangu afukuzwe pale kwa kufuta ramani, jina la ofisi haliingii hapa ndani. Miaka kumi na minne sasa, na bado akifunga mlango anarudi kuutikisa. Anafika getini, anarudi tena. Mara tatu. Redio ya mtu akiimaliza anaifungua upya kuhakikisha kwamba kweli ameifunga. Mama kazoea. Mimi naona kama namtazama mtu anayejidai deni asilokumbuka alilikopa wapi.

Anaamini wewe huji kwetu kwa sababu unamwonea aibu. Njoo hata siku moja umtoe wasiwasi.

Mpwa wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Kama barua imepotea niambie niandike nyingine. Kama ni goti, niambie vilevile. Kama ni utani wangu wa chumvi, naufuta. Au tuseme naulaza.

Mpwa wako


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeifungua "Usafi wa Jumapili". Si kwa ubaya. Meneja ametangaza kwamba mashine mpya haitaki takataka, mistari yote iliyolala itafutwa Ijumaa tarehe 28. Nikasema niisome moja nzuri kabla haijanyolewa.

Mkaguzi hasomi mistari iliyolala. Mimi nimeisoma. Juu ya ule mstari unaouliza kama chumba kipo, kuna mstari wa zamani, usiouliza. Pembeni umeandika mwenyewe: "Imelazwa 18 Juni. Usirudie." Na mwaka.

Barua ya kumfukuza Baba kazi Mama anaiweka ndani ya foronya, anadhani hatujui. Ni ya tarehe 11 Juni, mwaka huohuo. Siku saba kabla.

Nikachukua mashine kuukuu ya stoo. Nikatengeneza ramani mia mbili za uongo, nikaondoa chumba cha taka, nikaamsha mstari wako na kuuendesha. Haikulalamika, Mjomba. Haikusema neno. Nilipoangalia, sebule ilikuwa tupu.

Baba aliingiza ramani zile kwenye mashine moja moja, miezi kumi na moja, na karatasi zake za asili zilishaharibika kwa unyevu. Jumapili ile alikwenda ofisini peke yake kumalizia. Walipouliza nani alikuwepo, alikuwepo yeye. Hajawahi kukana. Anasema huenda alibonyeza kitu. Miaka kumi na minne anajaribu kukumbuka alibonyeza nini.

Sijamwambia. Ningeweza, lakini hiyo si barua yangu kuiandika. Na nakuambia wazi: ukikaa kimya hadi tarehe 28, mstari utafutwa pamoja na mingine, na hakuna atakayejua ila mimi na wewe. Nimekwambia ili usije ukasema hukujua.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni zima. Nilitaka kulisingizia, nikaona limenitumikia vya kutosha.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza ilieleza kwamba kitabu changu hakikuwa na kurasa za mwanzo. Ya pili ilieleza kwamba diski ilikuwa imejaa, na Ijumaa ile nikakiondoa chumba cha taka mwenyewe kupata nafasi, nikijiambia Jumatatu nitakirudisha. Ya tatu ilieleza kwamba nilikuwa na watoto wanasoma. Zote zilikuwa za kweli na zote nimewashia jiko.

Jumatatu ile nilifika, ramani hazipo. Shemeji kasimama katikati ya ofisi anatazama mikono yake. Meneja wa wakati ule anamuuliza, "Ulibonyeza nini?" Yeye anajibu, "Sijui, bosi. Labda nilibonyeza." Hapo sikujua bado, naapa. Nilijua Jumatatu iliyofuata, yeye keshaondoka. Nilisoma mstari wangu nikahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikaulaza siku ileile, nikaandika mpya, nikauwekea kila kufuli niliyoijua. Halafu nikaenda kunywa chai na wenzangu.

Unauliza kwa nini zile mia na thelathini niliziacha uchi. Kwa sababu kuzivalisha nguo kungenifanya niulizwe nimeona nini.

Na unauliza nani alinifundisha. Baba yako.

Ningeweza kuufuta ule mstari. Kila mwaka nilifungua faili lile niufute, nikajiambia mimi sifuti, mimi nalaza. Nikajiona mtu mwenye msimamo! Mtu huweza kuwa mwoga miaka kumi na minne akadhani ana nidhamu.

Sikuja kwenu kwa sababu ya aibu, hapo Shemeji kapatia. Amekosea tu ni aibu ya nani.

Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa meneja wenu, nimeitia sahihi, ina tarehe zote. Mpe kabla ya Ijumaa. Nakala weka ndani ya foronya, juu ya ile nyingine. Jumapili tarehe 30 nitakuja mwenyewe. Usimwambie kwa nini. Mwambie tu nakuja, asije akafunga mlango akaenda matembezini.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba mbwa wa jirani alikuachia kuku.

Uliondoka haraka, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Uliona tu alivyokusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ulijua lini?", ukamjibu, akainuka akatoka uani bila kugusa chai. Mama alikuwa analia jikoni kwa sauti ya kuosha vyombo.

Alirudi jua likiwa limeshuka. Akaniambia, "Una hilo faili?" Nikamchapishia karatasi tatu. Akavaa miwani, akazisoma kama anavyosoma saketi ya redio, kidole juu ya kila mstari. Baba hajui skripti, lakini pale ulipolala ule mstari kidole kilisimama. Nikamweleza habari ya chumba na kiberiti. Akaniuliza mara mbili, mara ya pili taratibu.

Kisha akasema, "Kwa hiyo sikubonyeza."

Nikasema, "Hukubonyeza, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akazikunja karatasi, akaziweka mfukoni mwa shati. Habari yako hakusema. Mama alipojaribu kusema, "Lakini si amekuja mwenyewe," alimjibu, "Amekuja baada ya miaka kumi na minne, mama. Hata barabara mbovu haichelewi hivyo." Usitarajie zaidi kwa sasa. Nami bado nina hasira nawe, nimeona heri uisikie kwangu kuliko uibahatishe.

Meneja kaisoma barua yako, akaifungia kwenye droo, akasema mambo ya zamani yasitibuliwe. Nikamwambia basi na mimi sihamishi skripti yoyote. Tumekaa hivyo siku mbili, seva ya zamani inanguruma na tarehe ya kuzimwa imepita. Leo asubuhi kaitoa drooni, na barua ya ofisi kwa Baba inachapwa. Bwana Tayari ndiye anayeichapa, kwa hiyo nitaisoma kabla haijatoka.

Mistari iliyolala imefutwa kwenye faili zote, isipokuwa moja. Chini ya tarehe yako nimeandika jina la Baba kamili, na maneno haya: "Hakuwa yeye." Mkaguzi kapita hapo hakusema kitu.

Jana Baba alikwenda kurudisha redio ya fundi viatu. Alifunga mlango, akashuka ngazi, akafika getini. Mimi na Mama tulikuwa dirishani, tumeshika pazia, tunamsubiri arudi kuutikisa.

Akafungua geti, akaenda zake.

Hajasema nikusalimie. Lakini hajanikataza.

Mpwa wako